Gome la Mwiri na Seli za Saratani ya Tezi Dume

 Nimeombwa nizungumze hapa Kenyenya, katika kaunti ya Kisii, juu ya dawa za miti na saratani ya tezi dume. Ni ugonjwa ambao wanaume hawapendi kuutaja mbele ya watu, na mara nyingi hata mke huambiwa mwisho. Najua hapa wameketi wakwe na wakaza wana, na heshima yetu ya chinsoni inakataza maneno fulani yasitamkwe mbele yao. Naomba ruhusa ya leo tu, nitaje viungo vya mwili kwa majina yake.

Nianze na jibu, halafu nieleze lilivyopatikana. Ipo miti ambayo dawa yake ikikamuliwa na kuwekwa juu ya seli za saratani ya tezi dume katika maabara huziua, au huzizuia zisizaliane. Mmojawapo mnaujua tangu utotoni: mwiri, ambao kwa Ekegusii tunauita omoiri na wataalamu wanauandika Prunus africana. Hilo ni kweli na limechapishwa. Ni kweli vilevile kwamba hakuna jaribio la tiba kwa binadamu ambalo limeonyesha kuwa gome la mwiri linaponya saratani hiyo. Kutoka kuua seli katika maabara hadi kumponya mtu ni mwendo mrefu, na wazee wetu wanapotelea njiani.

Hatuzungumzii ugonjwa wa mbali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani za aina zote 42,116, na kati yao 3,412 walikuwa na saratani ya tezi dume. Kwa wanaume wa nchi hii ndiyo inayoongoza. Duniani kote, mwaka 2022 walikadiriwa kuwa karibu milioni 1.5. Kule Marekani, ambako hesabu zimewekwa kwa miaka mingi, wanaume weusi huipata zaidi kuliko weupe, na kiwango chao cha kufa kwayo ni karibu mara mbili. Mtu ambaye baba yake au ndugu yake aliugua ana hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu wa Kenyenya akisikia kwamba kuna mti unaoua ugonjwa huu, na mti wenyewe ulikuwa ukiota kwenye mpaka wa shamba la babu yake, ana haki ya kutaka kujua zaidi.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kijana ana tezi ya takriban gramu 20. Umri ukisogea, tezi hukua, na kwa kawaida hukua upande wa ndani, pale pale mrija unapopita. Ndiyo maana mzee huanza kuamka usiku mara tatu, mara nne. Mkojo unachelewa kutoka, unakatikakatika, na akimaliza anahisi bado umebaki. Huo ni uvimbe wa kawaida wa tezi. Si saratani, na wala haugeuki kuwa saratani.

Saratani yenyewe, mara nyingi, huanzia pembeni, kwenye ukanda wa nje wa tezi, mbali na mrija. Inaweza kukaa miaka bila kubana chochote. Mzee anakojoa vizuri, analima, anakwenda sokoni, na ugonjwa unakua. Ukitoka nje ya tezi hupenda kwenda kwenye mifupa, hasa ya mgongo na nyonga, na hapo mtu husema amechoshwa na jembe. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati huo.

Naomba mkumbuke hizo sehemu mbili, ya ndani na ya pembeni, maana kisa chote cha mwiri kimekaa hapo.

Sasa mti. Gome lake kwa nje ni la rangi nyeusi na limepasukapasuka; ukilichanja, ndani ni jekundu. Fikicha jani bichi na unuse: utapata harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo inatokana na amigdalini, kemikali ambayo ikivunjika hutoa sayanidi, na sayanidi ni sumu. Nimeitaja mapema kwa sababu kila mara tunaambiwa kwamba kitu cha asili hakina madhara. Mwiri ni wa asili, na una sumu ndani yake. Kinachomlinda mtu ni kipimo anachokunywa.

Mti huu unaota katika nyanda za juu za Afrika, kutoka Kameruni mpaka Afrika Kusini, hata Madagaska. Hapa Kenya uko Kakamega, Nandi, Mlima Kenya, Aberdare, na ulikuwa umejaa katika milima yetu ya Gusii kabla mashamba hayajagawanywa vipande vipande. Jamii nyingi ziliuchemsha kwa tumbo, kwa homa, na kwa matatizo ya mkojo ya wazee. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye gome hilo, kwa ajili ya uvimbe wa kawaida wa tezi. Dawa ikauzwa Ulaya kwa jina la Tadenan. Kuanzia hapo magome ya Afrika yakaanza kusafirishwa kwa tani na tani, kutoka Kameruni, Madagaska, Kenya na kwingineko. Watu walichuna shina zima, wengine wakaangusha mti ili wachune matawi. Mwaka 1995 mwiri uliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, ile ya mimea na wanyama ambao biashara yao lazima idhibitiwe wasije wakaangamia. Katika fedha iliyopatikana Ulaya kwa gome hilo, vijiji vilivyoujua mti huu kwanza havikuona cha maana. Hilo linaniuma, na nitalirudia nikifika kwa waganga.

Je, Tadenan na ndugu zake zilifaa? Kwa uvimbe wa kawaida, ndiyo, kwa kiasi. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562. Waliotumia dawa ya mwiri walipunguza kuamka usiku kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kibofuni ukapungua kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Majaribio yenyewe yalikuwa mafupi, yasiyozidi miezi minne, lakini nafuu ilikuwapo. Hivyo mzee anayesema kwamba alikunywa mwiri na mkojo ukafunguka hasemi uongo. Babu zetu waliona sawasawa.

Watafiti wakajiuliza: kama mti unatuliza tezi iliyovimba, unaifanya nini tezi yenye saratani? Hapo ndipo seli zinapoingia.

Seli za saratani ya tezi dume zinazotumika katika maabara nyingi duniani zinatokana na watu watatu. Zile zinazoitwa LNCaP zilichukuliwa mwaka 1977 kwenye tezi ya limfu ya mwanamume wa miaka 50 huko Buffalo, Marekani. PC-3 zilitoka kwenye mfupa wa mtu wa miaka 62. DU145 zilitoka kwenye ubongo wa mtu wa miaka 69. Wenyewe walikufa zamani. Seli zao zinaendelea kuzaliana, zikilishwa seramu ya ndama katika joto la nyuzi 37, na kugawanywa kutoka maabara moja hadi nyingine. Wote watatu walikuwa Wazungu. Baadaye zilipatikana seli za Mmarekani mweusi wa miaka 63, zinazoitwa MDA PCa 2b, lakini hazitumiki sana kama hizo nyingine. Ugonjwa unawapiga zaidi watu weusi, na seli tunazojaribia dawa ni za watu weupe. Kasoro hiyo ni kubwa kuliko inavyotajwa.

Jaribio lenyewe huenda hivi. Gome linakaushwa kivulini, linasagwa, linalowekwa katika methanoli au ethanoli siku kadhaa, linachujwa, kisha kileo kinavukizwa. Kinachobaki ni kitu cha kahawia kinachonata. Kinapimwa kwenye mizani na kuyeyushwa. Seli zimeshapandwa katika kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kimoja kikiwa na tone la maji ya chakula chao. Mtafiti anatia dawa: kishimo hiki mikrogramu 1 kwa mililita, kile 10, kingine 100. Safu moja haipewi dawa, na nyingine inapewa dawa ya hospitali inayojulikana. Baada ya saa 48 au 72 anatia kemikali ya njano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza kuwa zambarau. Seli zilizokufa haziwezi. Mashine inasoma rangi, na mtafiti anahesabu ni kiasi gani cha dawa kilichopunguza uhai kwa nusu.

Kuna jambo moja ambalo watu wa maabara wanalijua vizuri. Dawa za miti, hasa zenye rangi kali na kemikali za jamii ya polifenoli, zinaweza zenyewe kuigeuza MTT kuwa zambarau hata pasipo seli. Mtafiti mwangalifu huweka vishimo vyenye dawa bila seli, aone. Asiye mwangalifu huchapisha rangi ya mti akidhani ni habari ya seli. Ndiyo sababu namba moja kutoka utafiti mmoja hainitoshi.

Na kuua seli si kazi ngumu. Chumvi nyingi huziua. Pombe kali huziua. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huziua zote kwa dakika chache. Swali ni kama dawa inaua seli ya saratani na kuiacha seli nzima. Kwa hiyo maabara nyingi, na za Nairobi zimo, hujaribu dawa hiyo hiyo kwenye seli za Vero, ambazo Wajapani walizitoa kwenye figo ya tumbili wa Afrika mwaka 1962. Dawa ikiua seli za tumbili sawa na inavyoua saratani, hiyo ni sumu tu. Taasisi ya saratani ya Marekani ilikuwa na kipimo chake: dawa ghafi ya mmea ilionekana ya kufuatiliwa ikiwa iliweza kupunguza seli kwa nusu kwa mikrogramu zisizozidi 30 kwa mililita. Ukisoma ripoti nyingi za mitishamba utakuta 150, 200, hata zaidi, na chini yake mwandishi anaandika kwamba mmea una uwezo wa kutibu saratani. Mimi kwa maoni yangu maneno hayo yasingepaswa kupita kwa mhariri.

Mwiri umefanya vizuri kuliko mimea mingi. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani waliitenga katika gome lake kemikali iitwayo asidi ya atrariki, na mwaka 2009 wakaonyesha inavyofanya kazi. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1941 huko Chicago, Charles Huggins alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume. Ukiziondoa, ugonjwa hunywea. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, mwaka ule ule wa hataza ya Debat. Homoni hiyo hushika kipokezi ndani ya seli, na kipokezi ndicho kinachoamuru seli ikue. Asidi ya atrariki inakalia kipokezi hicho, homoni ikifika inakuta mahali pamejaa. Hiyo ni njia ile ile ambayo dawa kadhaa za hospitali hutumia. Seli za LNCaP, ambazo hutegemea kipokezi hicho, zilipunguza kasi ya kukua.

Mwaka 2007 watafiti wengine walichapisha matokeo ya gome lililokamuliwa kwa ethanoli. Seli za LNCaP na PC-3 zilipungua, nyingine zikajiua zenyewe kwa utaratibu ambao mwili huutumia kuondoa seli zilizoharibika. Wakaendelea hadi kwa panya waliozalishwa kwa namna ya kwamba lazima wengi wao wapate saratani ya tezi dume. Katika kundi lililokula chakula cha kawaida, asilimia 62.5 walipata saratani. Katika lile lililopewa mwiri, asilimia 35. Kwa panya, hayo ni matokeo mazuri. Jirani zetu wa Uganda, katika taasisi yao ya utafiti wa tiba asilia iliyoko Wandegeya, wameupitia ushahidi huu wote na wanaona mti unastahili kufuatiliwa. Nakubaliana nao.

Sasa tuje kwenye kikombe.

Anayechemsha gome hapa Kenyenya anatumia maji. Maabara ilitumia ethanoli, methanoli, au vimumunyisho vya mafuta. Kemikali nyingi zinazosifiwa, sitosteroli na wenzake, haziyeyuki vizuri katika maji. Zinabaki kwenye gome, na gome linatupwa. Kinachoingia kwa wingi katika sufuria ni vitu vingine, tanini zile zinazokausha ulimi na rangi nyekundu. Kwa hiyo kile kilichoua seli na kile kilicho katika jerikeni la mzee huenda si dawa moja, ingawa mti ni mmoja.

Halafu kuna hesabu. Kipimo cha dawa ya Ufaransa kilikuwa miligramu 100 kwa siku. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Tuseme, jambo ambalo haliwezekani, kwamba dawa yote imeingia kwenye damu kwa mara moja, tumbo halikuvunja kitu, ini halikukamata kitu, hakuna kilichokwenda kwenye mafuta wala misuli. Ungepata mikrogramu 20 kwa kila mililita ya damu. Hicho ndicho kikomo cha juu kabisa, na kinachofika kweli kwenye tezi ni sehemu ndogo sana ya hicho. Utafiti ukisema seli zilikufa kwa mikrogramu 100, fanyeni hesabu wenyewe. Mtu akijaribu kufikia kiwango hicho kwa kunywa majagi, atafikia kwanza ile sayanidi niliyoitaja.

Lakini hata hilo silo linaloniogopesha zaidi. Nirudi kwenye sehemu mbili za tezi. Chukua mzee wa miaka 65 ambaye upande wa ndani wa tezi una uvimbe wa kawaida, na upande wa nje una saratani ndogo. Wapo wengi wenye vyote viwili, maana vyote huja na umri. Mkojo unamsumbua kwa sababu ya uvimbe. Anakunywa mwiri. Mkojo unafunguka, usingizi unarudi. Anawaambia wenzake amepona saratani, au anasema hakuna haja tena ya kwenda hospitali. Saratani yake haikuwa ndiyo iliyoziba mkojo, kwa hiyo kufunguka kwa mkojo hakutuambii chochote juu yake. Inaendelea. Miaka miwili baadaye ni mgongo. Dawa hii ni hatari kwa mwenye saratani kwa sababu inafaa kweli kwa ugonjwa mwingine unaofanana nayo.

Kuna mtego wa pili, wa kipimo cha damu kiitwacho PSA. Seli za tezi dume hutengeneza PSA zikiamriwa na kipokezi kile kile cha homoni. Dawa yoyote inayogusa njia hiyo inaweza kushusha namba ya PSA bila kuondoa ugonjwa. Finasteridi, dawa ya hospitali ya uvimbe wa kawaida, huishusha kwa karibu nusu, na daktari anayejua humzidishia mgonjwa namba yake mara mbili ili apate ukweli. Mgonjwa anayekunywa dawa ya miti kwa siri anamnyima daktari nafasi ya kufanya hesabu hiyo.

Wamarekani walipata somo chungu katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1996 iliuzwa kule dawa ya mchanganyiko wa mimea minane iitwayo PC-SPES, mingi ikiwa ya Kichina. Katika maabara iliua seli za saratani ya tezi dume. Kwa wagonjwa, PSA ilishuka kwa namna ya kushangaza. Vyuo vikuu vikaanza kuifanyia majaribio. Kisha madaktari wakaona wagonjwa wanavimba matiti, wengine damu inaganda kwenye mishipa. Ilipochunguzwa, ndani ya vidonge kulikutwa dawa za viwandani: homoni ya kike iitwayo DES, warfarini ya kuzuia damu isigande, na indomethasini ya maumivu. Mwaka 2002 iliondolewa sokoni. Homoni ya kike ndiyo iliyokuwa imeshusha PSA; Huggins alikuwa ameijua kazi hiyo tangu 1941. Ninapoona sokoni chupa isiyo na maandishi, inayotangazwa kwa kipaza sauti kwamba inatibu tezi dume, kisukari na presha kwa pamoja, najiuliza kilichomo ndani ni mti gani, na kama ni mti peke yake.

Msinielewe kwamba naidharau miti. Dawa ya kwanza ya kemia iliyoonyesha kurefusha maisha ya watu ambao saratani yao ya tezi dume haisikii tena tiba ya homoni ni dosetakseli, na imetokana na majani ya mti wa Ulaya wa jamii ya Taxus. Iliidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2004. Ili kufika hapo, jaribio moja tu liliandikisha wanaume 1,006. Waliopata dosetakseli kila baada ya wiki tatu waliishi kwa wastani miezi 18.9, na waliopata dawa ya zamani miezi 16.5. Faida ya karibu miezi miwili na nusu, iliyothibitishwa kwa watu elfu moja. Huo ndio ukubwa wa ushahidi unaotakiwa kabla ya mtu kusema dawa hii inatibu.

Na Kenya yetu ina kisa chake. Mwaka 1976, kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Marekani, zilikusanywa tani zipatazo 27 za mmea wa Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills, Kwale. Ndani yake mlikuwa na maitansini, kemikali inayoua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno. Ilipopewa wagonjwa iliwaumiza kabla ya kuwafaa, ikaachwa. Miaka mingi baadaye wanasayansi walipata njia ya kuifunga kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli ya saratani, na mwaka 2013 dawa ya saratani ya matiti yenye kemikali iliyotokana na maitansini ikaidhinishwa. Miaka 37 ilipita tangu mavuno yale ya Kwale. Mmea uliweza kuua seli tangu siku ya kwanza.

Sasa nawageukia waganga. Mimi siwaoni kama adui wa hospitali. Hapa Gusii ababari, wapasuaji wetu wa jadi, walikuwa wakipasua fuvu la kichwa na mgonjwa akapona, na madaktari wa kikoloni waliokuja kutazama waliandika kwa mshangao. Walifaulu kwa sababu walifundishwa kwa miaka, walijua wapi wasiguse, na walimfuatilia mgonjwa mpaka kidonda kifunge. Nawaomba mwendo huo huo katika dawa ya miti. Mgonjwa akija na shida ya mkojo, mwambieni aende kwanza akapime PSA, arudi na karatasi. Andikeni mlichompa, kiasi gani, tarehe gani. Msichanganye miti saba katika chupa moja, maana mtu akidhurika hamtajua ni upi, na akipona pia hamtajua. Mtafiti akija kuchukua gome, achukue pia tawi lenye majani na maua lipelekwe katika hifadhi ya mimea ya makumbusho ya taifa Nairobi, ili miaka ishirini ijayo ijulikane ni mti upi hasa uliozungumzwa. Na kabla ya kumwonyesha, mtake makubaliano ya maandishi. Tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi. Yaliyofanywa kwa gome la mwiri baada ya 1966 yasirudiwe.

Kuhusu mti wenyewe, sensa ya 2019 ilikuta kaunti ya Kisii ina watu 957 kwa kila kilomita ya mraba. Ardhi ni finyu, na mpaka wa shamba umepandwa mikaratusi kwa sababu inakua haraka na viwanda vya chai vinanunua kuni. Naelewa. Lakini katika mistari hiyo pana nafasi ya mwiri mmoja au miwili. Mbegu zake hazihifadhiki muda mrefu. Zikiokotwa zipandwe zikiwa mbichi. Anayevuna gome asilizungushe shina. Achukue upande mmoja na ule unaouelekea, aziache pande mbili nyingine nzima, na asiuguse tena mpaka palipochunwa pamefunika.

Na nyinyi wanaume. Kipimo cha PSA ni sindano moja ya damu mkononi. Daktari akitaka kupima tezi kwa kidole, ni dakika moja, na hakuna anayepungukiwa na uanaume kwa hilo. PSA ikiwa juu haina maana kwamba una saratani. Uvimbe na maambukizi pia huipandisha, na ndiyo maana hufuata vipimo vingine mpaka kuchukua kinofu cha tezi kitazamwe kwa hadubini. Ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi, saratani hii inatibika kwa upasuaji au mionzi, na nyingine, zile za polepole, hufuatiliwa tu. Ukiwa umefika miaka 45, au 40 kama baba au kaka yako aliugua, nenda hospitali ya Kenyenya uulize kipimo hicho. Kisipopatikana, omba barua ya kwenda Kisii. Kama nyumbani una chupa ya mitishamba, ibebe, iweke mezani mbele ya daktari, umweleze unakunywa kiasi gani na tangu lini. Akikugombeza, mvumilie, lakini usiifiche. Nanyi akina mama, mzee akianza kulalamika mgongo na alikuwa haumwi mgongo, msimkande kwa maji moto kwa miezi. Mpelekeni apimwe damu wiki hiyo hiyo.